Sumu ya ziwani haiishi kwa kuchemsha maji

Kila mtoto aliyepitia shule nchini mwetu analijua somo la maji. Yachuje, yachemshe, yatie dawa, yafunike. Somo hili limeimbwa madarasani na kuandikwa ubaoni, na limeokoa maisha ya watu wasiohesabika. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu ni maradhi yaletwayo na viini, na viini hufa katika maji yatokotayo. Atakayelibeza somo hili atakuwa amekosa shukrani kwa walimu wake.

Hata hivyo, lipo janga moja la majini ambalo moto wa jikoni hauliwezi. Ni sumu itokayo katika utando wa kijani unaotanda juu ya maziwa, mabwawa na hata bahari. Utando huo unazidi kuonekana mara kwa mara, na watu wetu wanaendelea kuukabili kwa silaha ile ile waliyopewa kwa ajili ya kipindupindu. Hoja yangu ni fupi: dhidi ya sumu hii, sufuria ya mama nyumbani haitoshi. Kinachotakikana ni vipimo, tena vipimo vinavyotangazwa kwa umma, na ardhi inayotunzwa huko juu mito inakotoka. Nionavyo mimi, shule zetu zina nafasi kubwa katika jambo hili kuliko tunavyodhani.

Tuanze na Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Victoria unaoingia nchini hadi mjini Kisumu. Katika majira ya joto na upepo mchache, maji ya ufuo hugeuka rangi yakawa kama yaliyomwagiwa rangi ya nyumba. Hukusanyika povu zito la kijani kibichi, likaoza na kutoa uvundo. Wavuvi hupasua utando huo kwa mashua zao wakirudi na samaki. Ng'ombe hunywa papo hapo. Wanawake na watoto huteka maji kwa madumu, wakiutenga utando kwa kiganja kabla ya kuzamisha chombo. Jioni maji hayo huchemshwa, na familia hulala ikiamini kwamba iko salama.

Utando huo ni nini hasa? Kwa desturi twauita algi, tukiuweka katika kundi la mimea midogo ya majini. Lakini wengi wa viumbe waufanyao katika maji baridi si mimea. Ni sayanobakteria, yaani bakteria wa rangi ya kijani na samawati ambao hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua mithili ya majani. Ni miongoni mwa viumbe wa kale mno duniani. Wamekuwapo kwa zaidi ya miaka bilioni mbili, na ndio walioijaza hewa ya dunia oksijeni tuivutayo. Si haki, basi, kuwaita maadui wa wanadamu. Wengi wao hawadhuru kitu. Walakini wamo wachache, kama vile jamii ziitwazo Microcystis na Dolichospermum, ambao aina zao nyingine hutengeneza sumu, nao huzaliana kupita kiasi pale wanapopata mambo matatu kwa pamoja: joto, maji yaliyotulia, na rutuba.

Ghuba ya Winam inayo yote matatu. Iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Kina chake ni kidogo, wastani wake ukiwa chini ya mita 10, ilhali wastani wa ziwa zima ni kama mita 40. Imefungamana na ziwa kuu kwa mlango mwembamba, hivyo maji yake hubadilishana polepole na yale ya nje. Katika miaka ya 1980 njia ya maji ya Mbita ilizibwa kwa tuta la barabara, na ingawa tuta hilo limekwisha kubadilishwa kwa daraja, ghuba imebaki kuwa kama beseni kubwa. Ndani ya beseni hilo humiminika mito ya Nyando, Sondu-Miriu na Kibos, na vijito vipitavyo mjini kama Kisat, ikibeba udongo wa mashamba yaliyomomonyoka, mbolea iliyokosa mmea wa kuitumia, na maji machafu ya miji na viwanda. Mizigo hiyo imejaa fosforasi na nitrojeni. Virutubishi vilekuzavyo mahindi shambani ndivyo vikuzavyo utando ziwani.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1989 watafiti P. B. O. Ochumba na D. I. Kibaara walichapisha taarifa juu ya milipuko ya algi za kijani-samawati katika Ziwa Victoria, na Ochumba akaandika pia kuhusu vifo vya samaki wengi katika ghuba hii. Katika miaka ya 1990 wanasayansi walilinganisha maji ya ziwa na vipimo vilivyochukuliwa miaka ya 1960, wakaona kwamba wingi wa algi ulikuwa umeongezeka mara kadhaa na uwazi wa maji ulikuwa umepungua. Wakati huo macho yetu yote yalikuwa juu ya gugumaji, ambalo lilionekana kwa urahisi na kuzuia meli bandarini. Gugumaji lilipewa makongamano, mashine na wadudu wa kulila. Utando wa kijani, ambao ulilishwa na rutuba ile ile, ulibaki kama jambo la maabara. Karne hii watafiti wamethibitisha mara kadhaa kwamba sumu imo katika maji ya ghuba, na kwamba katika hori ya Kisumu kiwango chake huweza kupita kile kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa.

Sumu kuu hapo huitwa mikrosistini. Ni molekuli iliyofungwa kama pete, ikiwa na viungo saba vya asidi-amino. Umbo hilo la pete ndilo liifanyalo kuwa sugu. Inapoingia mwilini husafirishwa hadi kwenye ini, na huko huzuia kazi ya vimeng'enya fulani ambavyo chembe za ini haziwezi kuishi bila ya hivyo. Ikiwa nyingi kwa mara moja, ini hutoa damu ndani kwa ndani na mnyama hufa. Ikiwa kidogo kidogo kwa muda mrefu, mambo huenda polepole: ini huchakaa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka aina mojawapo, iitwayo mikrosistini-LR, katika orodha ya vitu vinavyoweza kuwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Wahenga walisema bandubandu huisha gogo, na ini la mwanadamu si gumu kuliko gogo.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1998 kwamba maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 1 ya mikrosistini-LR katika lita moja. Katika mwongozo wake wa mwaka 2020 liliendelea na kiwango hicho kwa mtu atakayeyanywa maji hayo maisha yake yote, na likaweka mikrogramu 12 kwa muda mfupi wa dharura. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwaonyesha wanafunzi maana yake: mikrogramu moja katika lita moja ni sawa na gramu moja tu katika lita milioni moja. Hakuna jicho, ulimi wala pua iwezayo kukibaini kiasi hicho. Ni maabara peke yake.

Sasa turudi kwenye sufuria. Maji yanapochemka kwa nyuzi 100, viini hufa. Lakini pete ya mikrosistini haikatiki. Kuna zaidi ya hilo. Sehemu kubwa ya sumu hukaa ndani ya chembe za sayanobakteria zikiwa hai. Joto huzipasua chembe hizo na kuimwaga sumu ndani ya maji. Kisha maji yanapopungua kwa mvuke, sumu haipungui, bali huzidi kukolea katika maji yanayobaki. Almuradi mama aliyechemsha maji ya utando ameondoa hatari moja na kuiacha nyingine, pengine imeongezeka kidogo.

Haya si maneno ya kutisha watu. Alfajiri ya tarehe 2 Agosti 2014, wakazi wa Toledo katika jimbo la Ohio nchini Marekani, zaidi ya watu 400,000, waliambiwa wasinywe maji ya mfereji. Mikrosistini kutoka Ziwa Erie ilikuwa imepenya mtambo wao wa kusafishia maji. Tangazo liliwaonya waziwazi wasichemshe maji hayo, kwa kuwa kuchemsha kungezidisha hatari. Amri hiyo iliondolewa tarehe 4 Agosti, vipimo viliporejea kuwa salama. Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, mji tajiri wenye mitambo ya kisasa uliponzwa na utando ule ule. Pili, watu wake waliokolewa na kipimo na tangazo, wala si na juhudi za kila mtu jikoni kwake.

Na iwapo mtu atauliza kwa nini tusitie dawa tukawaua viumbe hao mara moja, jibu liko Australia. Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm, wakazi walilalamikia ladha na harufu ya maji ya bwawa lao. Wakuu wakatia mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya samawati, ili kuua algi. Algi zilikufa. Siku chache baadaye watu 148, wengi mno wao wakiwa watoto, waliugua ugonjwa uliofanana na homa ya ini. Mrututu ulikuwa umezipasua chembe na kuiachilia sumu ndani ya maji yote kwa wakati mmoja. Hii ndiyo sababu wataalamu hutaka chembe ziondolewe zikiwa nzima, kwa kuzigandisha na kuzichuja, kabla ya klorini kutiwa. Klorini ina uwezo wa kuiharibu mikrosistini iliyoyeyuka majini, lakini sharti iwe ya kutosha, ipewe muda, na maji yawe yamekwisha kuondolewa uchafu. Kofia moja ya dawa ndani ya dumu la maji ya kijani haifiki huko.

Msiba uliowazindua wataalamu duniani kote ulitokea Brazil. Mwezi Februari 1996, katika mji wa Caruaru, wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine walianza kuumwa kichwa, kutapika na kutoona vizuri. Maji yaliyotumika katika mashine hizo yalitoka katika bwawa lenye utando, na yaliletwa kwa lori bila ya kusafishwa ipasavyo. Zaidi ya wagonjwa 50 walifariki kwa ini kushindwa kufanya kazi. Sumu hiyo haikupitia tumboni. Iliingizwa moja kwa moja katika damu. Hospitali zetu nazo zina mashine za aina hiyo, na ni nyingi zaidi sasa kuliko wakati wowote. Nadhani kila anayesimamia mashine hizo karibu na ziwa anapaswa kuijua habari ya Caruaru kama ajuavyo jina lake.

Wanyama nao wamekwisha kutupa ishara. Mwaka 2020 zaidi ya tembo 300 walikufa kaskazini mwa Botswana, na mwezi Septemba serikali ya huko ikatangaza kwamba chanzo kilikuwa sumu ya sayanobakteria katika madimbwi waliyokunywa. Hapa kwetu, katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa kama vile Bogoria na Nakuru, vifo vya makundi makubwa ya flamingo, ndege ambao Kiswahili sanifu huwaita heroe, viliwashughulisha wataalamu tangu miaka ya 1990. Uchunguzi ulikuta sumu za ini na za mishipa ya fahamu katika maji, katika tando za chemchemi za moto za Bogoria ambako ndege hao huenda kunywa na kuoga, na katika miili ya ndege wenyewe. Sumu hizo zikahesabiwa miongoni mwa visababishi vya vifo hivyo.

Ndugu zetu wa pwani wasije wakadhani kwamba haya ni ya watu wa bara. Bahari ina algi zake, na baadhi hutengeneza sumu zishindazo hata mikrosistini kwa ukali. Viumbe wachujao maji ili wapate chakula, kama kombe na chaza, hujikusanyia sumu hizo bila ya wao wenyewe kudhurika. Mwaka 1987, katika pwani ya Pasifiki ya Guatemala, watu 187 waliugua na 26 wakafa baada ya kula kombe waliobeba sumu ya kupoozesha. Wengi walikunywa supu yao, na supu haipikwi bila ya moto. Karibu nasi zaidi, mwanzoni mwa mwaka 2002, samaki wengi walikufa baharini kuanzia pwani ya Somalia hadi Kiunga katika kaunti ya Lamu, na watafiti walikihusisha kisa hicho na mlipuko wa algi zenye madhara. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Wataalamu wa sumu za kasa huamini kwamba asili yake ni algi za sumu ambazo kasa huzila. Nyama ile nayo ilikuwa imepikwa. Funzo ni lile lile: viko vitu ambavyo moto hauvitakasi.

Swali gumu kwetu ni lile la samaki wa ziwani, hususan omena. Mikrosistini hukusanyika zaidi katika ini na matumbo ya samaki kuliko katika minofu. Mbuta na ngege huondolewa matumbo kabla ya kupikwa. Omena huliwa mzima, kichwa na tumbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu samaki wadogo wa ghuba hii ulikuta mikrosistini ndani yao. Simwambii mtu yeyote aache omena. Kwa mamilioni ya watu wasio na uwezo wa kununua nyama, omena ndiye protini, ndiye madini ya chokaa ya mifupa ya watoto, na ndiye ada ya shule. Nasema tu kwamba chakula cha maskini kinastahili kupimwa kwa bidii kama kipimwavyo kile kiendacho Ulaya.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kiini cha hoja yangu. Kipindupindu kikizuka, watu huanguka siku ile ile, na wakubwa hukimbia na dawa na kamera. Mikrosistini inayonywewa kidogo kidogo haiangushi mtu hadharani. Humwacha akafa baada ya miaka mingi kwa ugonjwa wa ini, na cheti chake hakitataja ziwa. Mnywaji hawezi kuiona, hawezi kuionja, wala hawezi kuichemsha ikaisha. Basi amebaki na kinga moja tu: kuambiwa na yule aliyepima. Katika hatari nyingine, kujua ni nyongeza ya kinga. Katika hii, kujua ndiyo kinga yenyewe.

Katiba yetu ya mwaka 2010 imelisema jambo hili katika mahali pawili. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na inaitaka serikali itangaze habari muhimu zinazoligusa taifa. Ukiziweka ibara hizo bega kwa bega utaona kwamba haki ya maji salama bila ya habari za vipimo vyake ni haki nusu. Tunatangaziwa mvua, tunatangaziwa bei ya mafuta, tunatangaziwa hata joto la Kisumu kila jioni. Kwa nini kiwango cha sumu katika fuo za ghuba kisitangazwe redioni kila wiki wakati wa majira ya utando, kwa Kijaluo, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za huko? Watafiti tunao, katika vyuo vikuu na katika Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake papo hapo Kisumu. Matokeo yao huchapishwa katika majarida ya kisayansi kwa Kiingereza, miaka miwili au mitatu baada ya maji kutekwa. Kwa mtafiti huo ni ufanisi. Kwa aliyeyanywa maji hayo ni habari iliyomfikia baada ya mazishi.

Wako watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza watasema kwamba matangazo ya namna hii yataua soko la samaki. Wanakumbuka mwaka 1999, Ulaya ilipopiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumiwa kuvulia, na jinsi wavuvi na wachuuzi walivyotaabika. Nawajibu kwamba soko halikurejea kwa kunyamaza. Lilirejea kwa kuonyesha vipimo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mficha vipimo, uvumi humuumbua. Mnunuzi aliyezoea kuona takwimu za kila wiki, nzuri na mbaya, hatashtuka kwa uvumi wa siku moja.

Wa pili watasema: kuna faida gani kumwambia mtu kwamba maji yana sumu ilhali hana mengine? Hoja hii ina uzito, na kwa hiyo tangazo lisitoke mikono mitupu. Siku ambayo kipimo kimevuka mpaka, malori ya maji yapelekwe kwenye fuo zilizotajwa, kama yapelekwavyo wakati wa ukame. Lakini hata kabla ya malori, ujuzi una faida. Aliyeambiwa anaweza kuteka mbali na utando, mahali penye maji ya wazi, badala ya kuutenga kwa kiganja. Anaweza kuyaweka maji ya mvua kwa ajili ya mtoto mchanga, kwa kuwa mwili mdogo huelemewa na kipimo kidogo. Anaweza kuwazuia watoto wasiogelee na ng'ombe wasinywe siku hiyo. Anaweza kuyatupa matumbo ya samaki badala ya kuyakaanga. Na ikiwa ana njia ya kupata maji ya kisima kilichopimwa, atajua ni wiki gani inafaa kuingia gharama hiyo.

Hata hivyo, tangazo ni tiba ya dalili. Mzizi uko juu, vilimani na mijini. Maadamu udongo wa bonde la Nyando utaendelea kushuka kila masika, na maji machafu kuingia mitoni bila ya kusafishwa, na mafunjo ya kandokando kukatwa na kuchomwa ili kupata mashamba, ziwa litaendelea kulishwa. Mafunjo hayo ni kichujio kisichohitaji umeme: hupunguza kasi ya maji, hunasa udongo na kunyonya sehemu ya rutuba kabla haijafika ghubani. Kuyakata ni sawa na mtu kung'oa chujio la chai kisha akalalamikia majani kikombeni. Tena tukumbuke kwamba maji yanazidi kupata joto katika miaka hii ya mabadiliko ya hali ya hewa, na joto ndilo rafiki wa sayanobakteria. Rutuba ile ile, katika ziwa lenye joto zaidi, huzaa utando mwingi zaidi.

Nimewakusudia walimu na wanafunzi kwa sababu maalumu. Somo la kuchemsha maji lilienea kwa sababu shule zililibeba kutoka darasani hadi jikoni. Mtoto ndiye aliyemfunza nyanya yake. Njia hiyo hiyo yaweza kuubeba ukweli huu mpya bila ya kuuharibu ule wa zamani. Mwanafunzi na aambiwe hivi: chemsha maji kwa ajili ya viini, lakini ukiona maji ya kijani, yakimbie, kwa kuwa moto hautakusaidia. Sentensi mbili hizo hazigongani, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuzibeba zote.

Kwa shule zilizo karibu na ziwa au bwawa, liko jaribio dogo linalotumika katika nchi nyingi. Mwalimu, akiwa amevaa glavu, huteka maji chini kidogo ya uso wa ziwa na kuyajaza robo tatu ya chupa angavu yenye kifuniko. Chupa huachwa usiku kucha mahali pa baridi bila ya kutikiswa. Asubuhi, ikiwa kitu cha kijani kimeelea na kufanya pete juu ya maji, kuna dalili kubwa kwamba ni sayanobakteria, kwa maana wana vifuko vidogo vya hewa viwapandishavyo juu. Kikizama chini, yamkini ni algi za kawaida. Chupa hiyo haipimi sumu, na hili lisemwe waziwazi darasani. Hata hivyo, daftari la shule lenye tarehe, mahali, hali ya upepo na matokeo ya chupa, likijazwa kila wiki kwa miaka kadhaa, litakuwa na thamani mbele ya mtafiti yeyote. Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi atende. Hapa pana jambo la kutenda lenye maana kwa kijiji chake.

Lugha nayo ina sehemu yake. Nimelazimika kuandika sayanobakteria na mikrosistini kwa sababu elimu hii imetujia ikiwa na majina ya kigeni, na majina mageni huifanya hatari ionekane kuwa ya watu wengine. Wavuvi wa ziwa wana majina yao ya utando huu, na wanajua hubadilika vipi kwa msimu, hukaa upande gani upepo ukivuma, na samaki hufanya nini unapofika. Walimu wa lugha na wa sayansi wakikaa pamoja wakayakusanya majina na maarifa hayo, watakuwa wamewapa watu wetu neno la kulitaja jambo hili. Ni vigumu kulidai kwa mheshimiwa diwani jambo usilokuwa na jina lake.

Madai yangu kwa walio madarakani ni matatu, na hayana makubwa ndani yake. Sumu ipimwe kila wiki katika fuo ambako watu wengi huteka maji, na si katika mtambo wa mjini peke yake. Matokeo yatangazwe siku yanapopatikana, kwa lugha za wanywaji. Na fedha za kusafisha maji machafu ya miji ya bonde zihesabiwe kuwa fedha za afya, kwa kuwa ndivyo zilivyo. Mtu wa ufuoni amekwisha kutimiza wajibu wake: alifunzwa kuchemsha, naye anachemsha kila siku kwa kuni alizozitafuta mbali. Aliyebaki na deni ni yule mwenye maabara na kipaza sauti.